Gunia la Yoramu

Asubuhi ile Ludovick alipoingia ofisini kwa kina Raheli, Kizota, mafundi wa kuchomelea mageti jirani walikuwa wamekwisha kuanza kazi, na mtu ilimbidi apaze sauti ndipo asikike. Hilo halikumpa shida. Ludovick alikuwa mtu wa kupaza sauti tangu ujana wake. Aliwasalimia watu wa mapokezi, akamshika bega mkurugenzi, Bwana Deusdedit, kama waliokua nyumba moja, na alipofika kwenye meza ya Raheli Ndahani akafungua mikono yote miwili amkumbatie.

Raheli alimpa mkono mmoja. Walisoma wote chuo hapa hapa Dodoma, wao wawili na Yoramu Chilongani, na wenzao walikuwa wakiwaita mafiga, maana ukimwona mmoja ujue wawili waliobaki hawako mbali. Sasa Yoramu alikuwa amefariki. Figo zilimwangusha akiwa bado kijana, na siku ya mazishi Ludovick alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Tangu siku hiyo Raheli alikuwa akimwona kwenye picha tu, amevaa suti, amesimama mbele ya bango lenye jina la kampuni yake, Nguzodata. Serikali ilipohamia Dodoma kampuni za namna hiyo nazo zilihamia, na kumbi za hoteli hazikukosa mtu wa suti akieleza jinsi atakavyobadilisha maisha ya wananchi.

Ofisi ile ilikuwa ya shirika lililoendesha zahanati ndogo ndogo vijijini, kuanzia Bahi mpaka Chemba na Kondoa. Nani kazaliwa lini, nani kachanjwa, nani anatumia dawa gani na ipi haipatani na mwili wake, yote hayo yalikaa kwenye hifadhidata, na mtunzaji wake alikuwa Raheli. Aliijenga mwenyewe kwa programu huria, zile ambazo watengenezaji wake wameziacha wazi ili yeyote azichukue, asome msimbo wake, yale maagizo ya ndani yanayoziendesha, mpaka mstari wa mwisho, na akiona kasoro airekebishe. Ilikuwa hifadhidata ya majedwali, ya mtindo wa zamani: kila safu na kichwa chake, na kisichokuwa na safu hakiingii. Wauguzi waliilalamikia kwa ukali wake. Mtandao ukikatika, kama unavyokatika kila mara vijijini, walikaa wakiisubiri kama watu wanaosubiri mvua. Lakini haikuwahi kuchanganya mgonjwa mmoja na mwingine.

Ludovick alizungumza kwenye chumba cha mikutano mpaka wakati wa chai. Alisema dunia imekwisha kuyaacha majedwali, imehamia NoSQL, hifadhidata zisizojifunga kwenye safu, ambamo kila kumbukumbu inaingia na umbo lake kama ilivyo. Alisema kampuni yake imebuni ya kwake, inaitwa Nguzo, imeandikwa hapa hapa nchini na vijana wetu, na inafanya kazi hata mtandao usipokuwepo. Alipofika kwenye kazi ya Raheli hakuitaja kwa jina. Alisema tu kwamba shirika lenye heshima haliwezi kuweka afya za watu kwenye vitu vya bure, maana cha bure hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni takataka.

Bwana Deusdedit alicheka, akatazama pembeni alipokuwa amekaa Raheli.

Raheli aliinamia daftari lake. Maneno yale ya kuyaacha majedwali, ukitoa hilo la vitu vya bure, aliwahi kuyasikia, na aliyemwambia alikuwa Yoramu.

Yoramu alifanya kazi pamoja naye hapo Kizota kabla hajaugua, na kila aliporudi kutoka vijijini alikuja na ugomvi ule ule. Alisema majedwali ni mazuri kwa benki na kwa watu wenye umeme. Zahanati ya mbali kama ya Kwamtoro, kule Chemba, inahitaji kitu kinachoweza kupokea kumbukumbu leo, kikae nayo hata wiki, kisha mtandao ukipita kiipeleke mjini bila mtu kukisukuma. Basi akaanza kukiandika, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko, na akakiweka wazi kwenye mtandao kama alivyokuta programu za wengine ziko wazi. Akakiita Gunia, kwa sababu gunia halimuulizi mtu anatia nini. Watu wasiomjua, wa Brazili, wa India, wa Moroko, wakakiona, wakakipenda, wakaanza kuongeza vipande vyao. Leseni yake ilikuwa fupi. Chukua, badilisha, hata ukitaka uza. Ila majina ya waliokitengeneza yabaki, na anayekitumia aonyeshwe msimbo wake kama wewe ulivyoonyeshwa.

Raheli alimbishia mwaka mzima. Alimwambia gunia lisilouliza litakuja kuua mtu. Yoramu akamjibu, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba basi aandike yeye kiulizio. Akakiandika. Ilikuwa sehemu ndogo tu, akaiita Mlango: kabla kumbukumbu haijaingia, Mlango unaikagua kama ina yale yasiyoweza kukosekana na kama yameitwa kwa majina yanayojulikana, na kama sivyo inarudishwa kwa muuguzi papo hapo. Yoramu aliitia ndani ya Gunia na kuandika jina la Raheli chini ya lake. Walipanga kulijaribu Gunia kwenye zahanati mbili tatu, kisha figo zikaanza, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuendelea.

Mkataba na Nguzodata ulitiwa saini wakati Raheli yuko likizo Mpwapwa kwa wazazi wake. Aliporudi akaambiwa kazi yake itakuwa kuwasaidia vijana wa kampuni kuhamisha kumbukumbu, na kwamba asiwe mgumu.

Vijana wenyewe walikuwa na adabu. Mmoja alifungua seva mbele yake, akaiwasha Nguzo kwa mara ya kwanza, na maandishi yakashuka kwenye skrini nyeusi haraka haraka kama kawaida ya mashine inayoamka. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja tu. *Mbukwenyi.*

Yule kijana alikuwa mtu wa Moshi, neno halikumwambia kitu. Raheli lilimtoa jasho la mgongo. Ni salamu ya Kigogo, hamjambo nyote, na aliyeiweka pale alikuwa Yoramu, aliyekuwa akisema mashine ikiamka ndani ya nyumba ya watu lazima iwasalimie waliomo. Nguzo ilikuwa Gunia lile lile; watu wa kampuni walikuwa wamefuta kila palipokuwa na jina la Yoramu. Salamu ile hawakujua kuwa ni yake.

Aliomba aonyeshwe msimbo. Kijana akasema hauonyeshwi, ni siri ya kampuni.

Alimsubiri Ludovick nje, karibu na gari lake. Alikuja na mfuko wa zabibu alizonunua barabarani, anakula huku anatembea. Raheli akamuuliza lile neno limetoka wapi. Ludovick akauliza neno gani, Raheli akalitamka, na kwa muda taya la Ludovick likaacha kutafuna. Kisha akatabasamu, akatema maganda ya zabibu chini karibu na viatu vya Raheli, akatia nyingine mdomoni.

"Alikitoa bure mwenyewe, Raheli. Cha bure hakiibiwi."

"Kuuza alikuruhusu. Kufuta majina hakukuruhusu, wala kukifunga."

"Sasa mteja nimwambie nini? Kwamba kimetengenezwa na marehemu wa Nkuhungu pamoja na Wahindi asiowajua? Hakuna anayelipia hadithi kama hiyo." Alimsogezea mfuko. "Kula zabibu."

Alikuwa na harufu nzuri, na hilo ndilo lililomkalia Raheli vibaya kuliko maneno. Harufu ile ile ya manukato aliyokuwa nayo kaburini, siku alipomshika mama wa marehemu asianguke. Raheli aliondoka bila kuaga, akaenda bombani, akanawa mkono aliompa siku ya kwanza, ingawa siku nyingi zilikwisha kupita na yeye mwenyewe alijua ni upuuzi.

Alimwandikia Bwana Deusdedit. Alieleza Nguzo ni nini hasa, leseni inasema nini, na hatari ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kitu ambacho shirika haliruhusiwi kukiangalia ndani. Mkurugenzi alimwita, akamkalisha, akamwambia kwa sauti ya baba kwamba anaelewa, watu waliosoma pamoja huwa na vijicho vyao, lakini ofisi isiingizwe humo. Raheli akajikuta anatazama sahani ya karanga juu ya meza ya mkurugenzi na vidole vyake vinavyozichambua.

Kumbukumbu zikahamishwa. Kwa muda kila mtu alifurahi. Wauguzi walisifu kwamba mfumo mpya haukasiriki wala haurudishi kitu, unapokea tu. Na mtandao ukikatika, kazi inaendelea. Raheli alisikia sifa hizo na kujua zinamhusu nani, na alikasirika zaidi kwa kuwa zilikuwa kweli.

Aliyeletwa zahanati ya Kondoa akiwa na homa kali aliitwa Mwanaidi, mama wa makamo aliyekuwa akiuza mafuta ya alizeti sokoni. Alikuwa hajiwezi, hajibu akiulizwa. Muuguzi wa zamu, Shamila, alimtafuta kwenye mfumo, akampata, akatazama pale panapoandikwa mzio. Palikuwa patupu. Akamchoma sindano ya penisilini kama tabibu alivyoagiza, na kabla hajaweka bomba chini uso wa Mwanaidi ulianza kuvimba na koo likaziba. Tabibu alikuwa chumba cha pili na dawa ya kuokoa ilikuwepo, lakini ilibidi wamtie mpira kooni na kumkimbiza hospitali Dodoma. Aliishi. Sauti haikurudi kama ilivyokuwa, ikabaki ya kukwaruza, kama mtu anayeongea kupitia mchanga.

Penisilini ilimdhuru Mwanaidi hata zamani. Alishawahi kusema hivyo alipotibiwa kwenye zahanati nyingine, Nguzo ikiwa imekwisha kuwekwa, na muuguzi wa huko aliandika. Ila kifaa cha zahanati ile kiliandika "aleji", cha Kondoa kikatafuta "mzio", neno jingine la jambo lile lile, na Nguzo ikayapokea yote mawili bila kuuliza. Habari ilikuwemo mle ndani muda wote. Hakuna aliyeweza kuiona.

Shamila alisimamishwa kazi wiki ile ile. Ripoti ya Nguzodata ilikuja ikiwa na picha ya rangi kwenye jalada, na ndani ilisema mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa na kwamba mtumiaji hakuzingatia utaratibu. Raheli aliisoma mara mbili. Maneno yalikuwa masafi, hayana kosa la herufi, na kila sentensi ilimwachia ulimini ladha kama ya maziwa yaliyoharibika.

Alifanya kitu ambacho angepaswa kuruhusiwa kukifanya tangu mwanzo. Alichukua Gunia lenyewe, lile la bure, kutoka kwenye mtandao lilikokuwa bado likitunzwa na watu wa Brazili na Moroko, akaliweka kwenye kompyuta ya majaribio na kuliingizia kumbukumbu za Mwanaidi kama zilivyotoka vijijini. Mlango ulizikataa. Ulitoa onyo kwamba "aleji" ni jina usilolijua na kuomba muuguzi athibitishe. Kisha akaingia kwenye Nguzo na kumwandika mgonjwa wa kubuni. Kwenye umri akaandika "buluu". Akaongeza kichwa alichokizua, "ladha ya kisigino", akajaza "Jumanne". Nguzo ikamshukuru kwa alama ya kijani.

Nguzodata walikuwa wameung'oa Mlango. Baadaye yule kijana wa Moshi, aliyekuwa amekonda kwa mawazo, alimwambia faraghani kwamba bosi aliagiza uondolewe kwa sababu siku za maonyesho uliwasumbua wateja, unauliza uliza sana, na mteja hapendi mashine inayomrudisha nyuma.

Katikati ya hayo Mama Loisi akampigia simu. Alikuwa mama yake Yoramu, anaishi Nkuhungu kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu, na alitaka Raheli aje kula kwake Jumapili baada ya ibada.

Raheli alifika, akasema shikamoo mama, akaitikiwa na kuvutwa ndani. Mezani hapakuwa na ugali wa uwele na mlenda kama siku zote. Palikuwa na wali, bakuli limejaa, na nyama. Mama Loisi alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mgeni wa heshima. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akikosa neno anatia la Kigogo, na hivyo hivyo akamsimulia kwamba yule rafiki yao, Ludovick, alikuja kumwona. Alikuja na mfuko mkubwa wa mchele na mpiga picha. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe. Alimwita mama. Akasema kampuni inataka kumkumbuka Yoramu, na kwa hiyo mama atie saini karatasi, akatia.

Raheli aliomba kuiona nakala. Ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema kwamba Loisi Chilongani, mrithi wa marehemu, anaikabidhi Nguzodata haki zote za kazi yoyote ya programu aliyoiacha mwanawe, milele, na hatadai jina lake litajwe popote.

"Imeandika nini?" Mama Loisi aliuliza.

Raheli alikuwa na tonge mkononi. Alitazama uso ule, akaona hawezi kusema siku hiyo, akasema atamsomea vizuri baadaye. Kisha ikabidi ale. Mama alikuwa anamtazama, kupika kwake kote kulikuwa kwa ajili yake, na kukataa kungekuwa tusi. Wali ulikuwa mzuri, umepikwa na mtu anayejua. Kila tonge lilisimama kooni kama kitu chenye nywele. Alimeza, akanywa maji, akameza tena, na mama akamwongezea. Alipotoka alifika nyuma ya ukuta wa kanisa, akainama na kukitapika chakula chote.

Kikao cha kujadili ripoti ya Nguzodata kilikuwa na watu wachache: Bwana Deusdedit, wajumbe wawili wa bodi, Ludovick, na Raheli ambaye hakualikwa mpaka alipomtumia kila mjumbe maelezo ya jaribio lake. Aliweka kompyuta mbili mezani, akawaonyesha. Kwenye moja Mwanaidi anakataliwa mpaka muuguzi athibitishe, kwenye nyingine anaingia na aleji yake inazama. Akaonyesha yule mgonjwa wa buluu mwenye kisigino cha Jumanne. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kuwa mkunga, alivua miwani na kuiweka chini.

Kisha Raheli akaeleza habari ya Gunia na majina yaliyofutwa. Ludovick alisikiliza kwa utulivu, na maelezo yalipokwisha akatoa kwenye begi lake ile karatasi. Alisema kwa huzuni kwamba hakupenda kuleta jambo la familia hadharani, lakini kampuni ilikwisha kupatana na mama wa marehemu, kwa heshima zote, na picha zipo.

"Mama Loisi alitoa cha mwanawe, ingawa hukumwambia anatoa nini," Raheli alisema. "Gunia lina wenyewe wengi. Mmoja ni mimi. Mlango niliuandika mimi, jina langu lilikuwa chini ya la Yoramu, na mimi sijatia saini."

Ludovick alimgeukia. Hakukasirika. Alimwambia, mbele ya watu wote na kwa sauti ya kubembeleza, kwamba hayo yanazungumzika, kwamba Nguzodata daima imekuwa ikitafuta mtu wa kiwango chake, na kama angejua kuwa jambo lenyewe ni hilo wangeyamaliza zamani. Alikuwa anamaanisha. Hapo ndipo Raheli alipoelewa kwamba mtu yule hakuwa akificha aibu yoyote. Alimtafuta ndani ya macho yale Ludovick wa chuoni, aliyekuwa akigawana nao chips, akakuta mtu anayengoja bei. Akajisikia kama aliyeinua jiwe akaona kilichokuwa kinaishi chini yake.

"Yule nesi arudishwe kazini," alisema, akimtazama mkunga wa zamani. "Hayo mengine mtayaamua wenyewe."

Bwana Deusdedit alikohoa, akauliza kama kuna mwandishi wa habari yeyote anayejua jambo hili. Lilikuwa swali lake la kwanza siku nzima. Jina la Mwanaidi hakulitaja, na Raheli alipata hisia kwamba halikumbuki.

Mambo yaliishia kama yanavyoishia kwenye ofisi. Shamila alirudishwa kazini, na barua iliyomrudisha haikuomba radhi, ilisema tu kwamba usimamishwaji umefikia kikomo. Alikaa miezi michache akaomba uhamisho. Mkataba wa Nguzodata ulivunjwa kwa makubaliano ya pande zote, na mkurugenzi alisaini barua ya kuwashukuru kwa ushirikiano wao. Watu wa Brazili na Moroko, Raheli alipowaandikia, walikuja juu, wakaipelekea kampuni onyo la kisheria, na baada ya muda majina ya watengenezaji yakatokea kwenye tovuti ya Nguzodata, chini kabisa ya ukurasa ambao hakuna anayeufungua, kwa maandishi ya kijivu juu ya weupe. Ludovick mwenyewe hakuanguka. Raheli alimwona kwenye runinga ya mgahawa, amekaa jukwaani hotelini, anazungumzia ubunifu wa kizalendo, watu wanapiga makofi. Aliacha chai yake nusu, akatoka.

Kwa Mama Loisi alirudi, akamsomea karatasi yote neno kwa neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alisema, "Alikaa kwenye kiti cha Yoramu," kisha akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Bodi ilimwomba Raheli arudishe mfumo wake wa zamani. Alifikiri, akakataa. Yoramu alisema kweli kuhusu zahanati kama ya Kwamtoro, na kumkatalia tena sasa akiwa kaburini lingekuwa jambo la kipuuzi. Aliweka Gunia lenyewe, na Mlango wake juu, na ukurasa wa kwanza wenye majina ya wote walioliandika. Kule kwenye hesabu za dawa na mishahara aliacha majedwali yake. Wauguzi walianza tena kulalamika kwamba mfumo unauliza uliza. Alizunguka zahanati moja baada ya nyingine kunyoosha kumbukumbu zilizochafuliwa, akikaa na wauguzi na kuwauliza huyu ndiye yule au ni mwingine, na kazi ile ilimtia kinyaa cha namna yake, kama kufua shuka za mtu usiyemjua.

Kondoa aliiacha mwisho. Alipanda basi la asubuhi, akaulizia sokoni, akaelekezwa kwa Mwanaidi, aliyekuwa amekaa nyuma ya madumu yake ya mafuta, kajifunga ushungi mpaka kidevuni. Raheli alimwamkia, akajieleza yeye ni nani. Alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya shirika. Alipoyafikia akayaona yanafanana na ya ile ripoti, akayaacha, akasema tu kwamba habari yake ilikuwemo ndani ya mashine na mashine ikashindwa kuitoa, na sasa amekuja kumwomba arudi zahanati.

Mwanaidi alimhudumia mteja kwanza. Akampimia mafuta, akafunga chupa, akaifuta kwa kitambaa.

"Sirudi," alisema kwa ile sauti iliyokwaruzika. "Yule binti alinichoma huku anaangalia kioo. Nasikia naye aliteswa. Sasa hiyo kompyuta yenu ikikosea tena, anaulizwa nani?"

Raheli alitaka kueleza habari za bodi na kamati. Akasema, "Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Mwanaidi alimtazama kama anayekagua noti. Kisha akatoa simu yake kwenye kibindo, akampa.

"Basi andika namba yako humo. Na jina."

Hajarudi zahanati mpaka leo. Hununua dawa duka la dawa kama watu wengi, na kabla hajameza humpigia Raheli, saa yoyote, hata huyu akiwa kikaoni, akamsomea herufi moja moja zilizoandikwa kwenye pakiti. Raheli hutoka nje, kwenye kelele za wachomeleaji wa mageti, akaziba sikio moja kwa kidole na kumwambia subiri kidogo mama, akaangalia kwenye Gunia, akampigia muuguzi kuhakikisha, ndipo akampa jibu.